Risala ya Wazazi na Walezi wa Watoto Walioungua Mikono kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Mganga Mkuu wa Mkoa na Waganga Wakuu wa Wilaya,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Maafisa Elimu na Maafisa Ustawi wa Jamii,
Waganga, wauguzi na wazazi wenzetu,

 

Sisi tunaosimama mbele yako ni wazazi, mabibi na walezi wa watoto walioungua mikono: kwa uji, kwa chai, kwa maji ya kuoga, kwa jiko la mkaa, kwa koroboi. Wengi wetu ni wakulima na mama lishe. Hatukuja kumshitaki mtu. Wauguzi waliowasafisha watoto wetu usiku wa manane kwa mwanga wa simu tunawajua kwa majina na tunawaombea kila siku. Tumekuja kwa sababu watoto wetu walipona vidonda, kisha mikono yao ikajikunja huku tukiitazama, na baadaye wataalamu wakatuambia kwamba sehemu kubwa ya kujikunja huko ingezuilika.

Hilo ndilo neno letu, Mheshimiwa. Yanayofuata ni maelezo yake, na kila kero tumeiambatanisha na ombi.

1. Kero ya kwanza ni kwamba watoto wetu huruhusiwa kwenda nyumbani wakati mkono ndio kwanza unaanza kuhitaji tiba.

Kidonda cha moto hufunga kwa kuvuta kingo zake zikutane. Mvuto huo haukomi siku ngozi inapokutana. Kovu huendelea kukaza kwa miezi, na huchukua mwaka mmoja hata miwili kabla halijatulia likawa laini na kupoteza wekundu. Kidonda kilichochukua zaidi ya wiki tatu kufunga ndicho kinachoelekea zaidi kuacha kovu nene lenye kuvuta. Haya tumeyajua tukiwa tumeshachelewa. Siku ya kuruhusiwa tuliambiwa, "Mama, mtoto amepona, nenda naye nyumbani." Tukashukuru, tukapanda bodaboda. Kwenye cheti iliandikwa kuwa kidonda kimekauka. Tarehe ya kurudi haikuandikwa.

Yupo hapa leo binti wa miaka mitano, ambaye mama yake ameridhia tumtaje bila jina. Alishika jiko la mkaa kwa kiganja cha mkono wa kulia. Aliruhusiwa vidole vyote vikiwa vimenyooka. Kabla mahindi hayajavunwa, kidole chake cha mwisho kilikuwa kimeinama, kikafuatwa na cha pete, na ngozi ikanyanyuka katikati ya kiganja kama uzi wa upinde. Leo ukimwomba afungue mkono, anafungua vidole viwili na gumba. Mama yake alidhani ni mtoto tu kuogopa maumivu, kwamba atanyoosha mwenyewe akisahau. Hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Tunaomba: kila mtoto aliyeungua mkono asitoke wodini bila kadi ya kurudi kliniki, kila wiki kwa mwanzo, kisha kila mwezi, mpaka kovu litulie. Katika kadi hiyo, pamoja na hali ya kidonda, iandikwe kila kidole kinanyooka kiasi gani na kukunjika kiasi gani, ili mabadiliko yaonekane mapema. Na mzazi aelezwe, kwa Kiswahili cha kawaida na bila haraka, kwamba ngozi kufunga hakujamaliza kazi.

2. Kero ya pili ni namna vidonda vinavyofungwa.

Katika zahanati na vituo vingi tulikopita, mkono wa mtoto hufungwa wote kwa pamoja, vidole vitano ndani ya bandeji moja. Tunaelewa sababu: gozi ni haba, foleni ni ndefu, na vidole vya mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni vidogo mno. Lakini ukiifungua bandeji ya namna hiyo baada ya siku kadhaa, unakuta vidole vimelala pamoja, nyama mbichi imegusana na nyama mbichi, na katika panda za vidole ngozi changa imeanza kupanda kutoka kidole hiki kwenda kile. Wapo watoto miongoni mwetu ambao vidole vyao vimeungana hivyo hadi kwenye kiungo cha katikati, nao walizaliwa na vidole vilivyoachana vizuri kabisa.

Kuna pia jambo la maumivu. Bandeji iliyogandia ikitolewa bila kuloweshwa na bila dawa ya maumivu, mtoto hujifunza kuuficha mkono huo kwa kila mtu, hata kwa mama yake. Mkono unaofichwa hautumiki, na mkono usiotumika hukaza upesi.

Tunaomba: kila kidole kifungwe peke yake, na gozi iwekwe katika kila panda, gumba likiwa limeachanishwa na wenzake. Dawa ya maumivu itolewe kabla ya kufungua bandeji, kwa muda wa kutosha ifanye kazi. Wauguzi wa zahanati wapewe mafunzo hayo. Tumeona muuguzi mmoja akiwafundisha wenzake kwa kutumia mkono wa mwanasesere, na wote walishika ndani ya asubuhi moja.

3. Kero ya tatu, na hii ndiyo inayotuuma kuliko zote, ni kukosekana kwa mabanzi na wataalamu wa utengamao.

Mkono wenye kidonda, ukiachwa, hutafuta mkao usiouma, na kwa bahati mbaya mkao huo ndio unaouharibu. Aliyeungua mgongo wa mkono huvutwa vifundo kwa nyuma mpaka vidole vinashindwa kufumba. Aliyeungua kiganja huvutwa vidole kwa ndani mpaka vinashindwa kufunguka. Dawa yake inajulikana duniani kote na si ya gharama kubwa: banzi linaloushika mkono katika mkao ulio salama, hasa usiku mtoto anapolala, pamoja na mazoezi mchana. Kwa mgongo wa mkono, kifundo cha mkono huinuliwa kidogo, vifundo vya vidole vikakunjwa, vidole vyenyewe vikanyooka, na gumba likawekwa mbali. Kwa kiganja, mkono hufunguliwa wote, vidole vikatanuliwa. Banzi la mmoja likivishwa mwingine linamdhuru, kwa hiyo anahitajika mtu anayejua.

Mtu huyo kwetu hayupo. Tulipouliza tulielekezwa hospitali ya rufaa. Huko mtaalamu alikuwa mmoja, akihudumia waliopooza, waliovunjika na watoto wa mtindio wa ubongo, na tarehe tuliyopewa ilikuja wakati mkono umeshakaza. Basi tumejitafutia. Yupo mama hapa aliyekata ubavu wa ndoo ya plastiki, akalainisha kipande kwa maji ya moto, akakilaza juu ya kiganja cha mwanawe kilichofunikwa kwa khanga iliyokunjwa, akakifunga kwa vipande vya shuka. Alifanya hivyo kila usiku, mtoto akilia na majirani wakimsema. Alipompeleka hatimaye kwa mtaalamu, aliambiwa wazo lake lilikuwa sahihi ila kifundo cha mkono alikiacha kikiwa kimelegea. Mheshimiwa, angeonyeshwa mara moja tu angelifanya sawasawa. Mama huyu hakukosa bidii.

Tumeelezwa pia kwamba hogo lile lile linalofungwa mguu uliovunjika linaweza kutengenezwa banzi la mkono wa mtoto. Hogo lipo katika kila hospitali ya wilaya. Na kukanda kovu kwa mafuta mara kadhaa kwa siku, kovu lililokwisha kufunga kabisa, kunasaidia kulilainisha na kupunguza kuwashwa, ambako kwa watoto ni mateso ya usiku kucha. Mafuta ya nazi yapo kwetu. Tuliyokosa ni maelekezo.

Tunaomba: kila hospitali ya wilaya iwe na angalau mtaalamu mmoja wa tiba kwa vitendo au wa mazoezi ya viungo, katika ikama ijayo ya ajira za kada za afya. Kabla hajapatikana, ateuliwe muuguzi au tabibu mmoja katika kila hospitali, apelekwe kujifunza kutengeneza mabanzi ya mkono, na hogo litengwe kwa kazi hiyo. Mzazi afundishwe mazoezi mtoto akiwa bado wodini, na asiruhusiwe kuondoka mpaka ameyafanya mwenyewe mbele ya mhudumu. Glavu za kubana kovu, ambazo huvaliwa takriban saa 23 kwa siku na hubadilishwa mtoto anapokua, zishonwe hapa mkoani kwa vipimo vya mtaalamu. Mafundi cherehani wapo, na wanasubiri kuonyeshwa.

4. Kero ya nne ni kuchelewa kupandikiza ngozi.

Kidonda chenye kina kirefu kwenye mgongo wa mkono, ambacho ni wazi hakitafunga chenyewe kwa wakati, kwetu husafishwa na kufungwa wiki baada ya wiki hadi kinafunga kwa kovu. Daktari mmoja alitueleza kwamba tangu mwaka 1970, Dkt. Zora Janžekovič wa Maribor, katika nchi ambayo leo ni Slovenia, aliandika namna ya kuondoa mapema ngozi iliyokufa kwa moto na kupandikiza nyingine bila kungoja idondoke yenyewe. Kanuni hiyo imekuwa msingi wa tiba ya majeraha ya moto. Imepita zaidi ya nusu karne, nasi bado tunangoja.

Hatusemi kila mtoto apasuliwe. Tumefahamishwa kwamba ngozi ya kiganja ni nene na ya pekee, kwamba mara nyingi hupewa nafasi ipone yenyewe, na kwamba daktari mwenye subira hapo anafanya jema. Tunachoomba ni mtu wa kuutofautisha mkono wa kungojea na mkono usiofaa kungojewa.

Tunaomba: mtoto yeyote aliyeungua mkono aonwe na daktari wa upasuaji ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kama umbali haumruhusu, picha za kidonda zitumwe kwa simu kwa daktari wa hospitali ya rufaa kwa utaratibu rasmi. Rufaa itoke kabla wiki ya tatu haijaisha.

5. Kero ya tano ni gharama, na hasa umri.

Serikali yetu ina sera ya kumtibu bila malipo mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vyake. Tunaishukuru kwa moyo wote. Bila sera hiyo wengi wa hawa wasingekuwa hai. Lakini Mheshimiwa, mtoto hukua na kovu halikui naye. Mfupa unarefuka, ngozi ya kovu inabaki ilivyo, na mkono uliofunguliwa vizuri akiwa na miaka minne unaweza kuvutwa tena akiwa na saba, na tena anapobalehe. Kwa hiyo aliyeungua akiwa mchanga huhitaji upasuaji akiwa ameshavuka umri wa msamaha. Jeraha ni lile lile alilolipata akiwa mikononi mwa sera, lakini dirishani anahesabiwa kuwa mgonjwa mpya wa kulipa. Wapo waliouza mbuzi, kisha shamba la mihogo, kisha wakaacha.

Tunaomba: msamaha ushikane na jeraha, umfuate mtoto hadi atimize miaka 18 kwa kila upasuaji, banzi na glavu vinavyotokana na moto ule ule. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetupa matumaini makubwa. Tunaomba ofisi yako itufikishie sauti mahali panapohusika, ili kufungua mkono uliojikunja kuhesabiwe katika mafao kuwa ni tiba, na kusije kukawekwa pamoja na upasuaji wa urembo. Mtoto anayetaka kushika kijiko hatafuti urembo.

6. Kero ya sita inahusu kambi za upasuaji.

Madaktari bingwa wanaotutembelea, wa nchini na wa kutoka nje, wametufuta machozi. Wamekata makovu, wamepandikiza ngozi nzima kutoka kinenani, wameweka waya za kushikilia vidole vikiwa vimenyooka. Kisha kambi hufungwa, magari huondoka, na baada ya wiki chache waya hutolewa na mtu asiyejua kinachofuata ni nini. Bila banzi na mazoezi, mkono hurudi kulekule.

Tunaomba: kambi isiruhusiwe kuanza mkoani kabla haijakabidhi mpango wa maandishi wa miezi sita baada yake, ukitaja kituo, mhudumu na vifaa.

7. Kero ya saba ni shule na maisha ya watu.

Watoto wetu wanafukuzwa bila kufukuzwa. Mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati, anamwona mtoto asiyeweza kushika penseli na kumwambia mzazi amlete mwakani. Mwakani anaambiwa hivyo hivyo. Nyumbani, aliyeungua mkono wa kulia hulazimika kula kwa mkono wa kushoto, na kwenye sinia la pamoja hukaripiwa na wageni wasiojua, mpaka anazoea kula peke yake nyuma ya nyumba. Wazazi hili tumelishuhudia na halitoki moyoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu, na tunaamini waliomrudisha nyumbani hawakukusudia kuivunja. Hawakuelekezwa la kufanya.

Tunaomba: Maafisa Elimu watoe waraka kwamba hakuna mtoto atakayezuiwa kuandikishwa kwa sababu ya mkono. Aruhusiwe kuandika kwa mkono wowote, apewe penseli iliyoongezwa unene kwa kitambaa au mpira, na muda wa ziada katika mitihani ya shule. Asaidiwe pia kutoka darasani kwenda kliniki bila kuhesabiwa mtoro.

8. Kero ya nane inagusa nyumbani kwetu wenyewe, nasi hatuogopi kuitaja.

Mtoto akiungua kwetu, majirani hukimbilia asali, unga, ute wa yai, dawa ya meno, majivu, na wengine hutafuta manyoya ya sungura wayabandike. Kila mmoja anatenda kwa upendo, na kidonda kinaingia uchafu, kinazama, kinakuwa kile cha zaidi ya wiki tatu. Kinachotakiwa ni maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20, mapema iwezekanavyo, na hata kama saa mbili zimepita bado yanafaa. Kisha kitambaa safi na safari ya kituoni. Barafu hapana. Jambo jepesi namna hii wengi wetu tulilisikia mara ya kwanza wodini.

Tena mama afikapo mapokezi na mtoto aliyeungua, swali la kwanza huwa, "Ulikuwa wapi wewe?" Alikuwa anapika, Mheshimiwa, kwenye mafiga matatu chini, mtoto mgongoni na mwingine pembeni. Kwa kuogopa swali hilo wapo wanaochelewa siku nzima. Tumesikia habari za Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Katika kuutekeleza, tunaomba nyumba zenye watoto wadogo, na zile zenye mtoto au mzazi mwenye kifafa, zikumbukwe kwanza, kwa kuwa aangukaye motoni akiwa hajitambui hawezi kuuondoa mkono.

Tunaomba: somo la maji ya baridi lifundishwe kliniki ya mama na mtoto siku ya chanjo, lisemwe redioni, na lipelekwe majumbani na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Na katika mapokezi mama aulizwe kwanza mtoto ameungua saa ngapi na kwa kitu gani.

9. Kero ya mwisho ni fupi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba moto na vimiminika vya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu. Waliopona wakabaki na mikono iliyojikunja hawamo katika hesabu hiyo, na katika mkoa wetu hatujaonyeshwa daftari lolote linalowataja. Tunaomba daftari hilo lianzishwe katika kila kituo, likiwa na jina la mtoto, tarehe ya kuungua, sehemu ya mkono, na hali ya vidole baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili. Bajeti ya mabanzi haiwezi kuombwa kwa watoto wasioandikwa popote.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, tunajua si yote yaliyo ndani ya uwezo wa ofisi moja, na mengine yatahitaji fedha za mwaka ujao. Kadi ya kliniki, namna ya kufunga vidole, hogo la mabanzi, waraka wa shule na daftari havihitaji kungoja bajeti. Kwa hayo matano tunaomba jibu la maandishi kabla ya shule kufunguliwa, na tunaomba utuelekeze afisa mmoja ambaye tutakuwa tukimwona kila mwezi kuulizia utekelezaji. Kwa upande wetu tumekubaliana kwamba kila mzazi ambaye mwanawe ameshafanyiwa mazoezi yupo tayari kwenda wodini siku yoyote atakayoitwa, kumwonyesha mzazi mpya.

Watoto wenyewe wapo hapa. Tunaomba kabla hujaondoka uwatazame mikono, mmoja mmoja, pamoja na Mganga Mkuu, kwa kuwa wapo wawili ambao makovu yao bado ni mekundu na muda wa banzi haujawapita.

Tunaomba kuwasilisha.

Wazazi na walezi wa watoto walioungua mikono